Kanywa maji kutwa nzima na bado kaanguka juani. Tatizo ni nini hasa?

#1 FundiPaa
Wakuu salaam. Hili jambo limenikaa kichwani, naomba mwenye ujuzi anisaidie.

Tulikuwa tunaezeka, jua la utosi, hewa imetulia hakuna hata upepo. Tuna kijana mmoja ambaye kwa nguvu anatuzidi wote. Dumu lake la maji halimkai mbali, anakunywa kila mara. Ilipopita saa sita mchana akanyamaza, na huyu ni mtu wa maneno tangu asubuhi. Nikageuka kumwangalia: anagonga msumari ulioshazama wote kwenye bati. Anagonga tu, pale pale. Nikamwita jina, akanitazama kama hanijui. Tukamshusha kwa kumshikilia. Ngozi inaunguza ukiigusa, na jasho linamtiririka.

Amepona, namshukuru Mungu. Ila mzee wetu mmoja aliyepita miaka sitini alikuwa juu ya paa lile lile, anakunywa kwa vipindi, na hakupatwa na lolote. Siku zote tunaambiwa kunywa maji mengi utakuwa salama. Mbona aliyekunywa ndiye aliyeanguka? Msimu wa joto ndio kwanza unaanza.

#2 Kivuli Tosha
Pole sana mkuu. Jibu langu ni moja tu: chumvi. Jasho si maji matupu. Ukitoa jasho lenye chumvi halafu ukarudisha maji yasiyo na kitu, damu inachujuka. Mzee hakujichuja, ndiyo maana alisimama.

#3 Mbio Ndefu
Kivuli Tosha ana hoja, na sisi wakimbiaji tunaijua vizuri. Kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya kumaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, yaani ile ya kwenye chumvi, na matokeo yakachapishwa 2005. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa sana njiani mpaka wakaongezeka uzito. Yaani mtu anakimbia kilomita 42 na anafika mwisho akiwa mzito kuliko alivyoanza.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba, kisha kuchanganyikiwa. Anayemwona anadhani ni kiu, anamwongezea maji, na hapo ndipo hali inapozidi kuharibika.

#4 Muuguzi wa Zamu
Naomba niwasimamishe hapo kabla watu hawajaondoka na jibu nusu.

FundiPaa amesema ngozi ilikuwa inaunguza. Sodiamu ikishuka peke yake haipandishi joto la mwili namna hiyo. Mtu amechanganyikiwa na mwili ni wa moto: mchukulie kuwa ana kiharusi cha joto mpaka vipimo viseme vingine. Kawaida mwili uko kwenye nyuzijoto 37. Ukipita 40 na akili ikaanza kuyumba, ubongo, ini na figo vyote viko hatarini, na kila dakika ina maana.

Pia kuna hili la "mradi anatoka jasho hana shida". Si kweli. Anayefanya kazi nzito au michezo anaweza kupata kiharusi cha joto huku jasho linamchuruzika. Ile ya ngozi kavu huonekana zaidi kwa wazee na wagonjwa waliokaa kwenye joto kwa siku kadhaa. Ukisubiri jasho likauke ndipo ushtuke, umechelewa.

FundiPaa, mlimfanyia nini baada ya kumshusha?

#5 FundiPaa
Asante dada. Tulimweka kivulini tukamvua shati na buti. Nyapara akakataza maji baridi, eti atapata mshtuko, tusubiri gari. Mimi nikachota kwenye pipa nikammwagia mwili mzima, nikaendelea kumwagia mpaka gari likafika.

#6 Muuguzi wa Zamu
Mwenyezi Mungu akubariki. Hayo maji ya pipa huenda ndiyo yaliyomrudisha.

Kanuni ni hii: poza kwanza, safirisha baadaye. Piga simu kuomba msaada, lakini mikono isikae bure. Kama kuna pipa au beseni kubwa na watu wa kutosha kumshika, mzamishe kwenye maji baridi mpaka shingoni, kichwa kishikiliwe nje ya maji. Kama hakuna, mwagia mwili mzima bila kukoma, mpepee, mfunike taulo zilizolowa na uzibadilishe zikianza kupata moto. Lengo ni joto la mwili lishuke chini ya 39 ndani ya nusu saa. Barafu ya kwapani na shingoni peke yake haitoshi.

Asiyejitambua vizuri asinyweshwe chochote, maji yataingia kwenye mapafu. Na msimpe dawa za kushusha homa. Kwenye homa ubongo wenyewe umeamua kupandisha joto, na dawa inaurudisha kwenye uamuzi wa kawaida. Hapa ubongo haujaamua kitu, mwili umeshindwa kutoa joto. Dawa haina pa kushika, na ini ambalo tayari limeumia linaongezewa mzigo.

Hofu ya mshtuko wa maji baridi naielewa, lakini kwa mtu aliyeanguka kazini namna hii, kinachoua ni kuchelewa.

#7 Mtu wa Ghuba
Kuna sababu hamjaigusa. Huyo kijana ni mgeni kwenye jua hilo au ni mzoefu?

Nimefanya kazi za vyuma nchi za Ghuba. Walioanguka mbele ya macho yangu wengi ni waliofika karibuni, na mara nyingi vijana wenye misuli. Mwili unahitaji kama wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Majimaji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema, linakuwa jingi, na chumvi yake inapungua. Mamlaka za usalama kazini za Marekani zinasema karibu nusu ya vifo vya joto hutokea siku ya kwanza kabisa ya kazi, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Ndiyo maana wanashauri mgeni afanye asilimia 20 tu ya kazi ya juani siku ya kwanza, halafu aongeze isiyozidi 20 kila siku inayofuata.

Mzee wenu mwili wake umeshazoea. Maji hayazoeshi mwili.

#8 FundiPaa
Mtu wa Ghuba umenigusa. Si mgeni kazini, ila alikuwa likizo ndefu na alikuwa amerudi wiki hiyo hiyo.

#9 Mtu wa Ghuba
Basi ni mgeni huyo. Mazoea yanaanza kupotea ukikaa wiki moja hivi nje ya joto, na baada ya mwezi karibu yote yameondoka. Aliyerudi likizo au aliyetoka kuugua aanze upya taratibu, hata awe fundi wa miaka mingapi.

#10 Kivuli Tosha
Nimefurahi. Mtu wa Ghuba mwenyewe kasema jasho la asiyezoea lina chumvi nyingi zaidi. Kwa hiyo tumerudi palepale: chumvi!

#11 Mchana Kweupe
Kivuli Tosha, wewe hata mtu aking'oka kucha utasema chumvi.

#12 Hesabu Kali
Wote mmeruka sentensi moja ya #1: "hewa imetulia hakuna hata upepo."

Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na joto la kama kilokalori 580. Lakini tone lililodondoka kwenye bati halijaondoa kitu. Hewa ikijaa unyevu na upepo ukikosekana, jasho halina pa kwenda. Kijana anaweza kunywa dumu zima, akalitoa lote kwa jasho, na joto likabaki ndani yake. FundiPaa kasema mwenyewe jasho lilikuwa linatiririka. Jasho linalotiririka ni jasho lisilofanya kazi.

Ndiyo maana kipimajoto cha kawaida kinadanganya. Kifunge kitambaa kilicholoa, kipepee, ndipo usome: hapo unapata joto ambalo jasho lako linaweza kulifikia. Mwaka 2010 wanasayansi walikadiria kwamba kipimajoto hicho chenye kitambaa kikifika nyuzijoto 35, hakuna mwili wa binadamu unaoweza kuvumilia kwa muda mrefu, hata mtu akikaa kivulini bila kufanya lolote. Majaribio ya chuo kikuu kimoja cha Pennsylvania yaliyochapishwa 2022 yakaonyesha vijana wenye afya wanaanza kushindwa mapema zaidi, karibu na 31 kwenye hewa yenye unyevu, tena kwa shughuli nyepesi tu.

Halafu kuna bati lenyewe. Joto linalotangazwa na watu wa hali ya hewa limepimwa kivulini. Aliye juu ya bati anaunguzwa na jua kutoka juu na bati kutoka chini. Kuna kipimo kinachojumlisha vyote, kinaitwa WBGT, kina vipimajoto vitatu: kimoja chenye kitambaa kilicholoa, kimoja ndani ya tufe jeusi, kimoja cha kawaida kivulini. Chenye kitambaa kinabeba asilimia 70 ya jibu, tufe 20, cha kawaida 10 tu. Kilitengenezwa miaka ya 1950 kwa ajili ya makuruta wa jeshi la Marekani waliokuwa wanaanguka mazoezini.

#13 Mtu wa Ghuba
Na hicho ndicho Qatar walikiweka kwenye kanuni zao mwaka 2021. WBGT ikipita 32.1 kazi ya nje inasimama, saa yoyote ile. Zaidi ya hapo, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba hakuna kazi ya juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

#14 Refa Mstaafu
Hata mpira wa miguu umekubali. Kombe la Dunia 2014 kule Brazil, FIFA waliweka mapumziko ya maji kila kipindi pale WBGT inapopita 32, kwenye dakika ya 30 na ya 75 hivi. Mapumziko rasmi ya kwanza yalikuwa mechi ya Uholanzi na Meksiko, mjini Fortaleza. Na fainali za 2022 zilihamishiwa Novemba na Desemba kwa sababu hiyo hiyo ya joto.

#15 Mchana Kweupe
Ile mechi ya Fortaleza! Meksiko wanaongoza moja bila, yakaja mapumziko ya maji, Van Gaal, kocha wa Uholanzi, akayatumia kupanga timu upya. Wakarudi wakafunga mawili mwishoni. Na ile ya bao la pili haikuwa penalti.

#16 Refa Mstaafu
Ilikuwa penalti. Márquez wa Meksiko alimkanyaga Robben wa Uholanzi mguu. Kuanguka kwa madoido ni suala lingine.

#17 Mchana Kweupe
Mkuu, ungekuwa wewe na filimbi ungeipuliza dakika ya 90 na kitu?

#18 Mama Mapacha
Jamani penalti ina uzi wake. Hapa tunaongelea uhai.

Nimesoma kila mtu anaongelea wanaume wa kazi nzito. Watoto je? Ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani joto linapanda kwa kama nyuzijoto 11 ndani ya dakika 10 za kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Mtoto anapata joto haraka kuliko mtu mzima na hawezi kufungua mlango. "Naingia mara moja natoka" ndiyo sentensi ninayoiogopa kuliko zote. Fungua mlango wa nyuma kila unaposhuka, hata ukijua huna mtoto humo, mpaka iwe mazoea ya mkono.

Na nina swali. Ndugu yangu anajipaka losheni ya kukinga jua, halafu anashinda nje akiamini yuko salama na joto pia. Ni sahihi?

#19 Bi Mwanga
Si sahihi, na nakushukuru kwa kuuliza maana wengi wanachanganya.

Jua linakuletea vitu viwili. Joto unalihisi, na losheni hailizuii. Mionzi ya urujuanimno huwezi kuihisi kabisa, na hiyo ndiyo losheni inayopunguza. Unaweza kuunguzwa na mionzi siku ya ubaridi na upepo mzuri. Mawingu mepesi yanaipitisha hadi asilimia 80. Kila ukipanda mita 1000 mlimani inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 usoni kwako, na theluji inaweza kurudisha hadi 80. Kwa hiyo kofia peke yake haikukingi na kinachotoka chini.

Kuna kipimo cha mionzi kilichoanzia Kanada mwaka 1992, siku hizi kimo kwenye programu nyingi za hali ya hewa za simu. Kikifika 3 anza kujikinga, kikifika 8 tafuta kivuli mchana. Huna simu? Angalia kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua liko juu na mionzi ni mikali.

Losheni ya SPF 30 (SPF ni namba ya kinga inayoandikwa kwenye chupa) inazuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayobabua, ya 50 inazuia 98, kwa hiyo usiteseke sana na namba. Kinachowaangusha watu ni kupaka kiduchu na kutorudia. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka majini au ukijifuta jasho.

Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, lakini kinga hiyo haifiki machoni. Miaka ya jua bila miwani inachangia mtoto wa jicho kwa watu wa rangi zote. Na kwa ndugu zetu wenye ualbino, nguo ya mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana na losheni ni sehemu ya matibabu. Anayewaona wanajifunika kupita kiasi aache kabisa maneno yake.

#20 Muuguzi wa Zamu
Bi Mwanga asante, umemaliza.

Narudi kwa FundiPaa. Kijana alikuwa anatumia dawa yoyote? Nauliza kwa sababu dawa za zamani za mafua na mzio, zile zinazoleta usingizi, zinapunguza jasho. Dawa za presha zinazokojoza zinakausha mwili. Baadhi ya dawa za moyo zinauzuia kupeleka damu ya kutosha kwenye ngozi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinavuruga mwili kujipoza. Asiache mtu dawa yake kwa sababu ya uzi huu. Amuulize daktari wake kabla ya kwenda kushinda juani.

Aliyeharisha jana, aliyekunywa pombe usiku, aliyekosa usingizi, wote wanaanza siku wakiwa nyuma.

#21 FundiPaa
Alikuwa na mafua na alimeza vidonge asubuhi, sijui ni vya aina gani. Na anasema usiku ule chumba chao kilikuwa cha moto, hakulala vizuri.

#22 Hesabu Kali
Usiku ndio watu wanausahau. Joto la Chicago Julai 1995 liliua zaidi ya watu 700, na lile la Ulaya mwaka 2003 likaua zaidi ya 70,000, wengi wao wazee waliokuwa ndani ya nyumba zao. Moja ya sababu ni kwamba usiku haukupoa. Aliyepanda paa leo akiwa hajapoa tangu jana hayuko sawa na aliyelala kwenye ubaridi, hata kama wamekunywa maji sawa.

#23 Mkata Miti
Nimesoma yote, na ninaona mmepita pembeni ya jambo kubwa kuliko yote: kasi.

Misuli ni injini. Nguvu inayotumia, robo hivi ndiyo inayogeuka kazi, inayobaki yote ni joto. Kijana mwenye nguvu kuliko wote ndiye anayejichemsha kuliko wote, na jua linamkuta tayari anaungua kwa ndani. Mwangalie mzee anavyofanya kazi. Anapiga misumari kadhaa, ananyoosha mgongo, anahamia upande wenye kivuli cha ukuta, anashuka kufuata kitu ambacho angeweza kurushiwa. Ukimtazama juujuu utadhani anavuta muda. Yule anajipoza, na jioni kazi yake imelingana na ya kijana.

Kijana hawezi kufanya hivyo. Akikaa anaitwa mvivu. Akilipwa kwa kipande, kila dakika ya kivuli anaiona ni pesa inayopotea. Nyapara akipiga kelele ya "haraka" saa saba mchana, hata maji yawe ya barafu hayatamwokoa yule. Mpumzishe kwa lazima, wote kwa pamoja, ili asiwepo wa kuonekana dhaifu. Na wafanye kazi wawiliwawili, kila mmoja amwangalie mwenzake usoni, kwa sababu anayepatwa hajijui. Huyu wa #1 aliokolewa na mtu aliyeshtuka kwamba msemaji amenyamaza.

#24 Mbio Ndefu
Mkata Miti nakuunga mkono, hata michezoni ni hivyo hivyo. Kiharusi cha joto kinaweza kumpata mkimbiaji kabla hajapungukiwa na maji, kwa sababu tu amekwenda kasi kupita uwezo wa mwili wake kutoa joto.

#25 Kivuli Tosha
Sawa, nimewasikia. Lakini niambieni basi, vidonge vya chumvi vibebwe au visibebwe? Maana wanaokaza misuli ya miguu mchana ni wengi, na chumvi inawasaidia.

#26 Muuguzi wa Zamu
Visibebwe. Vinachafua tumbo na vinavuta maji vibaya. Anayekula milo yake kamili anapata chumvi ya kutosha kwa siku ya kawaida ya kazi. Akitoka jasho kwa saa nyingi mfululizo, au misuli ikimkaza, apumzike na anywe maji ya ORS. Kama hakuna pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Kijiko kisijazwe mlima, chumvi ikizidi ni hatari. Mwenye presha au ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Kiasi cha maji kazini: glasi moja kila dakika 15 hadi 20, na isipite takriban lita 1.4 kwa saa. Mkojo ukiwa wa njano iliyopauka uko vizuri. Wa rangi iliyokolea ongeza maji. Mweupe kama maji ya bomba siku nzima, punguza kidogo.

#27 Mtu wa Ghuba
Na tusimfanye mzee wa #1 kuwa mfano wa kunywa kidogo. Wakata miwa wa El Salvador na Nikaragua wamekufa kwa wingi kwa ugonjwa wa figo, wengi wakiwa vijana wasio na kisukari wala presha. Madaktari wa El Salvador waliuandika mwaka 2002. Wapo wanaosema ni joto na kukaukiwa maji kila siku kwa miaka, wapo wanaoshuku dawa za mashambani pia, na mjadala haujafungwa. Figo haziangushi mtu juu ya paa. Zinakufa kimyakimya.

#28 Kivuli Tosha
Hapo sina ubishi. Lakini ule unyamavu na kugonga msumari uliozama bado unafanana sana na sodiamu kushuka. Kama damu haikupimwa, hakuna anayeweza kusema haikuwepo.

#29 Muuguzi wa Zamu
Inaweza kuwepo pamoja na joto, hilo sikulikataa. Nilikataa kuiacha imzuie mtu kummwagia mwenzake maji.

#30 Hesabu Kali
Na mimi bado nasema ni unyevu na ukosefu wa upepo.

#31 Mama Mapacha
Nimeona mtu hapo juu anataja kupepea. Feni nayo? Nimesikia inaweza kuua.

#32 Hesabu Kali
Inategemea. Feni haipoozi hewa, inakausha jasho tu. Hewa ikiwa ya moto kuliko ngozi, ambayo iko kama 35, feni inakuletea joto huku inakukausha. Hewa ikiwa na unyevu bado inaweza kusaidia kidogo kwa sababu jasho lipo. Kwenye joto kavu, Shirika la Afya Duniani linasema ikipita 40 usitegemee feni. Lowesha ngozi au nguo kwanza, ndipo uiwashe. Wazee jasho lao ni haba, kwa hiyo kwao iache mapema zaidi.

#33 Mchana Kweupe
Mavazi hamjasema. Kila mtu anasema vaa nyeupe. Mbona watu wa jangwani wanavaa kanzu nyeusi na wanaishi?

#34 Bi Mwanga
Swali zuri. Lilifanyiwa utafiti uliochapishwa 1980, wakalinganisha kanzu nyeusi na nyeupe za Wabedui jangwani. Nyeusi ilinyonya joto zaidi kweli, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa. Kanzu ni pana, hewa inapita kati ya kitambaa na mwili na kuondoka na ile ziada. Kwa mionzi ya urujuanimno, kitambaa cheusi kilichofumwa vizuri kinakinga kuliko cheupe chepesi.

#35 Mkata Miti
Hiyo ni ya kanzu pana na mahali penye upepo. Aliyevaa fulana nyeusi iliyobana akaja kukata mti hapa, ataniambia habari nyingine.

#36 FundiPaa
Nawashukuru wote. Sisi tunavaa vizibao vya rangi ya kung'aa ili tuonekane na winchi, na ni vya plastiki. Ukikivua shati lote limelowa. Kinachangia?

#37 Hesabu Kali
Kinachangia sana. Plastiki inafunga jasho lisikauke, kwa hiyo kifua na mgongo wote vinatolewa kazini. Tafuteni vya wavu. Vinaonekana vilevile na hewa inapita.

#38 Mtu wa Ghuba
Na kofia ngumu, mkuu. Usiitoboe ili hewa iingie, utaiua nguvu yake. Zipo zilizotengenezwa na matundu, na kuna kitambaa cha kulowesha kinachovaliwa chini yake kinachofunika na shingo. Hakikisha tu kofia bado inakaa sawa kichwani ukishakivaa.